MAWE YA MFUKONI (Sehemu ya 3): Nani ana haki ya kuokota jiwe?

Baba vijana mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona. Nesi wenu wa Chitete nimerudi. Leo si homa wala chanjo. Leo ni historia, ila imeanzia kliniki kama kawaida yetu.

Siku ya kliniki ya watoto mama mmoja aliingia mbio na kijana wake wa miaka minne, kokoto imekwama puani. Tuliitoa salama. (Narudia: usichokoe kwa pini wala njiti, utaisukuma ndani zaidi. Mlete.) Nilipopekua mfuko wa kaptula nikakuta mengine kumi na moja. Meupe yanayong'aa kama glasi, moja jekundu lenye mistari, na moja jeusi zito kuliko umbo lake. Mama akasema yote yanaenda chooni leo leo. Halafu akaongeza neno lililonikaa moyoni: kaka yake mtoto, anayemwokotea hayo mawe, amefukuzwa kilimani na mtu anayesema pale pana leseni ya madini. "Nesi, kwani mtoto akiokota jiwe anashtakiwa?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma na kuuliza wazee, na kumbe mkoa wetu una habari kubwa ya mawe kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jiwe mama yao wote. Wengi mmefika kijiji cha Ndolezi, wilaya ya Mbozi, kuona kimondo. Kina urefu wa zaidi ya mita 3 na kinakadiriwa kuwa na tani 12, karibu chote ni chuma, na asilimia kama 9 hivi ni nikeli. Vitabu vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Hapo huwa natabasamu. Waliokuwa wakilima na kuchunga pale hawakumsubiri Nott awaambie kuna jiwe. Alichofanya yeye ni kuliandika. Desemba ya mwaka huo huo mjiolojia wa serikali ya kikoloni, Grantham, akaja kukata kipande kwa msumeno wa chuma, kazi ya saa nyingi kwa kipande kidogo tu.

Wakati ule sehemu kubwa ya kimondo ilikuwa ndani ya udongo. Wakachimba kukizunguka, baadaye wakakijengea msingi wa zege ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa mezani. Mwaka 1967 kikalindwa kisheria kama kumbukumbu ya taifa, na siku hizi kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kukata kipande ni marufuku, na ni sawa kabisa. Lakini angalieni: mtoto wa shule anafika, analishika kwa kiganja, anasikia ubaridi wa chuma kilichotoka angani. Limelindwa na bado linafikika. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwaka huo huo wa 1967, kaskazini kule Mererani, mawe ya buluu yakaanza kujulikana. Serikali yetu inamtambua Mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi, na mwaka 2018 alipewa zawadi ya shilingi milioni 100. Wapo wanaomtaja Mmasai Ali Juyawatu. Sitaingia kwenye ubishi huo. Ninachoona mimi ni kwamba katika masimulizi yote mawili hakuna mtambo wala kampuni. Kuna mtu anatembea kwenye ardhi iliyo wazi, anaona kitu kinang'aa chini, anainama. Tanzanaiti, inayopatikana hapa kwetu tu duniani, ilianza kwa kuinama.

Sasa Mererani ina ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa Aprili 2018. Siulaumu, mali ya mabilioni ilikuwa inatoroshwa. Ila ukuta ni dawa kali, na dawa kali haipewi kila mgonjwa. Tanzanaiti ni kitu kimoja. Kokoto nyeupe ya mtoto wa Chitete ni kitu kingine.

Tatizo ni kwamba sheria haijatenganisha vizuri. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inasema madini yote ni mali ya Jamhuri, Rais anayashikilia kwa niaba yetu, na anayetafuta au kuchimba lazima awe na leseni. Ipo leseni ndogo kwa ajili ya sisi Watanzania, lakini imetungwa kwa mtu anayechimba auze. Mtu anayeokota kwa kupenda tu, akaweka dirishani, hakufikiriwa.

Kuna wenzetu wamelifikiria. Marekani wana majangwa makubwa yaliyo mali ya umma, na familia huenda huko mwisho wa wiki, bibi na wajukuu, kuokota mawe. Mwaka 1962 walitunga sheria kuhusu miti ya kale iliyogeuka jiwe: kila mtu anaruhusiwa kuchukua bure pauni 25 kwa siku, yaani kilo 11 hivi, na kipande kimoja juu yake, mradi kwa mwaka asizidi pauni 250. Kwa matumizi yake mwenyewe, si kuuza. Hata hivyo hawajapumzika. Mwaka 2016 Rais Obama alipotangaza sehemu ya jangwa la California, Mojave Trails, kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa, waokota mawe waliingiwa na hofu ya kufungiwa njia, ikabidi wapaze sauti. Kwa hiyo si sisi tu.

Lakini jamani, si kila kitu kinaokotwa. Lipo jiwe ambalo nitamwambia hata mwanangu aliache: mfupa uliogeuka jiwe. Mnajua kwamba bonde letu la Rukwa lina mijusi mikubwa ya kale? Mwaka 2017 wanasayansi walimtangaza mmoja, wakampa jina la Shingopana songwensis. Shingo pana, Kiswahili kabisa, na Songwe yetu ndani yake! Mifupa hiyo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukiondoa mfupa mmoja umechana ukurasa, maana wataalamu wanasoma pale ulipolala na tabaka la udongo lililoufunika. Mtoto akiona kitu cha namna hiyo asikiguse. Mpige picha, mmwambie mtendaji wa kijiji.

Na kabla hatujawafokea watoto tukumbuke Tendaguru, kule Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya namna hiyo, tani zaidi ya 200. Babu zetu wakaibeba kichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandarini, ikaenda Berlin, na mpaka leo mjusi wetu mrefu kuliko nyumba ya ghorofa amesimama kule. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona anahitaji viza. Nalisema kwa uchungu kidogo, mnisamehe.

Basi nilimjibuje yule mama? Nilimwambia mambo mawili. Kwanza, leseni ya madini si hati ya kumiliki kilima. Mwenye leseni aionyeshe serikali ya kijiji, na mipaka yake ijulikane. Pale anapochimba kweli, watoto wasikanyage kabisa, kuna mashimo, na kwenye dhahabu kuna zebaki, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto hata akiwa bado tumboni. Hilo siwezi kulegeza. Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na uamuzi huo unapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kule ambako hakuna mchimbaji, sehemu ya kilima na korongo vinaweza kuandikwa hivyo, kwa kuni, kwa mifugo, na kwa nini si kwa watoto na mawe yao? Mkutano huo ni wa kila mtu mzima wa kijiji. Sisi akina mama huwa tunauacha kwa wanaume, tunabaki kulalamika kisimani.

Amesema ataenda, na jirani zake wawili pia. Nikiwa sina zamu nitakuwepo.

Yale mawe hayakwenda chooni. Madogo yote yanayoingia puani au mdomoni amepewa kaka mkubwa, yako kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko juu ya kabati. Mdogo ameachiwa lile jeusi zito, maana halipiti popote. Juzi kaniletea zahanati nilipime kwenye mizani ya watoto. Gramu 400. Anaamini limetoka angani.