«The Bahatis», si «The Bahati's»: namna ya kuweka jina la jamaa katika wingi kwa Kiingereza

Binamu yangu alipotaka kuoa, aliniomba nimwandikie mialiko kwa Kiingereza, sababu nusu ya jamaa ya bibi arusi inaishi Marekani. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, nikaweka: «The Bahati's». Mchapaji akatoa mialiko mia mbili. Siku ya tatu simu ikalia, shangazi wa bibi arusi akiwa upande wa pili: «Bahati's nini? Nyumba ya Bahati? Gari ya Bahati? Mbona hamukumaliza sentensi?» Ikabidi kuchapa tena, na pesa ya mara ya pili ilitoka mfukoni mwangu.

Tangu siku ile nimeuliza waalimu wa Kiingereza, nikafungua na vitabu vya sarufi. Jambo la kwanza nililolipata ni la kufariji: kosa hili hata wenye lugha wenyewe wanalifanya, kwenye kadi za Noeli na kwenye vibao vya milango yao.

Kwetu sisi linatoka mbali kidogo. Katika Kiswahili jina la mtu haliguswi. Tukitaka kusema watu wa nyumba ya Bahati, tunaweka neno mbele: «akina Bahati», ao kama tunavyosema mtaani, «bakina Bahati». Kifaransa tulichosoma shuleni nacho hakigusi jina. Kinabadilisha kile kineno cha mbele tu: «les Martin», bila s, hata wakiwa kumi na wawili. Ni jamaa chache za wafalme wa zamani zinazopewa s, kama «les Bourbons». Sasa Kiingereza kimefanya kinyume. Kineno chake cha mbele, «the», hakibadiliki kamwe, kwa mtu mmoja ao kwa mia. Kwa hiyo wingi lazima ubebwe na jina lenyewe.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: ongeza s, basi. Clinton, the Clintons. Obama, the Obamas. Baba na mtoto waliotawala Kongo mmoja kisha mwingine, Laurent-Désiré na Joseph, ni the Kabilas. Majina yetu mengi yanaishia kwa a, e, i, o ao u, kwa hiyo kazi yetu kwa kawaida inaishia hapo: the Bahatis, the Bisimwas, the Kasongos. Hata ile o isikutishe. Ni kweli kwamba kiazi, «potato», kikiwa vingi kinaandikwa «potatoes», lakini Fidel na Raúl wa Cuba ni the Castros.

Jina likiishia kwa s, x, z, sh ao ch, ongeza es, sababu bila e ulimi unakwama. Jones inakuwa the Joneses. Williams inakuwa the Williamses. Bush baba, aliyekuwa rais wa Marekani kutoka 1989 mpaka 1993, na Bush mtoto, kutoka 2001 mpaka 2009, ni the Bushes. Mwenye kuandikishwa Felix kama jina la jamaa, watu wake ni the Felixes. Ila kwa ch sikiliza kwanza kwa sikio: Bach, ile jamaa ya Wajerumani wapiga muziki, mwisho wake unasikika karibu na k, kwa hiyo ni the Bachs.

Pahali ambapo wanafunzi wazuri wanaanguka ni kwa y. Mwalimu aliwafundisha «city, cities», nao wanaandika «the Kennedies». Hapana. Ni the Kennedys. Jina la mtu halipinduliwi tumbo ndani, linaongezwa mkia tu, ili kila mtu aendelee kulitambua. Ndiyo maana pia mtu anayeitwa Wolf, jina lenye maana ya mbwa mwitu, jamaa yake ni the Wolfs, hata kama mbwa mwitu wenyewe porini wanaandikwa «wolves».

Na ile alama ya juu iliyoniletea hasara? Ni alama ile ile tunayoandika katika ng'ombe, lakini kwa Kiingereza ina kazi nyingine: inaonyesha mwenye kitu. «Bahati's house» ni nyumba ya Bahati mmoja. «The Bahatis' house» ni nyumba ya jamaa nzima: unaweka s ya wingi kwanza, halafu alama inafuata nyuma yake. Kwa akina Jones ni «the Joneses' house». Kama hakuna kitu kinachomilikiwa katika sentensi, alama haina kazi pale. Shangazi alikuwa na haki.

Lakini kuna shida ambayo vitabu vya Waingereza havikuiwaza. Kanuni hizi zote zinaamini kwamba baba, mama na watoto wana jina moja. Kwetu mashariki, ni nyumba ngapi ziko hivyo? Chukua Wanande wa Beni na Butembo. Kwao, kwa desturi, jina linafuata zamu ya kuzaliwa: Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kakule ni wa ine, Masika ni msichana wa kwanza. Baba Kambale anaweza kuzaa Paluku, Kambale, Kasereka na Kakule. Ukiandika «the Kambales» ukifikiri unaita nyumba hiyo, Munande atasikia umeita vijana wote waliozaliwa wa pili, na pale Butembo hautapata uwanja wa kuwaenea.

Kwa nyumba ya namna hiyo, acha s kabisa. Andika «the family of Kambale and Masika», yaani jamaa ya Kambale na Masika, ao taja wazazi kwa majina yao na uongeze «and children». Inakuwa ndefu kidogo, lakini hakuna mtoto anayepewa jina ambalo si lake.

Na kwa wale wenye kujaza fomu za safari, za shule ao za kuungana na jamaa ngambo: wingi huu ni wa barua, mialiko na mazungumzo peke yake. Pale penye «Last Name», kila mtu anaandika jina lake kama liko kwenye pasipoti ao kitambulisho, herufi kwa herufi, bila kuongeza s, hata kama fomu moja inajazwa kwa watu saba.

Ile mialiko mia mbili ya kwanza ingali nyumbani. Upande wa nyuma ni mweupe, na watoto wanafanyia hesabu zao za shule.