Njia ya Mutukula

Ukitoka Kahororo, kata iliyo kando ya mji wa Bukoba, ukashika barabara ya Kyaka, vibanja vya migomba na mibuni vinakusindikiza mpaka nchi inapofunguka kuwa mbuga. Mbele ni daraja la mto Kagera, kisha Bunazi, kisha mpaka wa Mutukula, mwendo wa kilomita kama 80 kwa jumla. Mwaka 1978 watu walikuja kwa njia hii wakiyakimbia majeshi ya Uganda kuelekea kusini, mizigo kichwani, watoto mgongoni.

Lakini mkasa ulianza kabla ya hapo. Septemba 1972 ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, ziliishambulia Bukoba kwa mabomu, na Mwanza pia, baada ya wafuasi wa Obote, rais aliyempindua, kuvuka kutoka kwetu Tanzania wakijaribu kumng'oa. Mwezi huohuo Amin alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Waasia wa Uganda nao walikuwa wanafungasha. Walikuwa wamepewa siku 90 tu. Kwa hiyo magazeti na redio zetu zilipomwita Amin fashisti, mtu wa Bukoba hakuhitaji kufafanuliwa.

Wapo wasomi wanaolikataa jina hilo. Amin, wanasema, hakuwa na chama cha umma kama cha Mussolini, wala nadharia. Alikuwa mwanajeshi aliyeshika nchi kwa bunduki. Sawa. Ila ubishi huo unaruka swali zito zaidi: alilelewa wapi? Aliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946. Miaka mitano kabla, askari wa jeshi hilohilo, wakiwemo wa Kikosi cha 6 cha Tanganyika, walikuwa Ethiopia wakiwatimua Waitalia wa Mussolini. Wengine wakaendelea hadi Burma. Waliporudi walikuta ukoloni uleule na kodi ileile. Amin yeye alipelekwa Kenya kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau, akazidi kupanda vyeo. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliandika mwaka 1950 kwamba kosa la Hitler lililowauma Wazungu ni kuwatendea wao yale ambayo ukoloni ulikuwa ukiwatendea wengine. Kwangu mimi, hoja hiyo inamweleza Amin kuliko kamusi yoyote ya siasa.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka. Tarehe 1 Novemba akatangaza kuwa ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto Kagera sasa ni Uganda, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Raia waliuawa, wanawake wakanajisiwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Hotuba ya Rais wetu, Mwalimu Nyerere, ya tarehe 2, ile ya kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga Amin tunayo, kila mtoto wa shule anaijua.

Kinachosimuliwa kwa nadra ni yaliyotokea Mutukula. Jeshi letu lilipoiteka Januari 1979, majengo yalisawazishwa kwa hasira ya kisasi na wapo raia waliouawa. Mwalimu alikasirika, akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Hata hivyo miji ya Masaka na Mbarara, huko Uganda, ilibomolewa vibaya. Anayepigana na fashisti anaweza kujikuta ameshika rungu lake, na sidhani kusema hivyo kunawapunguzia heshima askari wetu waliozikwa Kaboya, kule Muleba. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Mkoa wetu, uliokuwa Ziwa Magharibi, ukaitwa Kagera.

Afrika rasmi haikupiga makofi. Tayari mwaka 1975 wakuu wa nchi walikuwa wamekwenda Kampala wakamfanya Amin mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ingawa Mwalimu alisusa. Julai 1979, kwenye mkutano wa umoja huo huko Monrovia, Rais Nimeiry wa Sudan aliishutumu Tanzania kwa kuingilia mambo ya jirani, na hakuwa peke yake. Hoja yao ilikuwa mipaka. Kuhusu waliouawa ndani ya mipaka hiyo, umoja huo ulikuwa umenyamaza miaka minane. Mkutano huohuo wa Monrovia, pamoja na shutuma zake, ndio uliotoa agizo la kuandikwa mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, uliopitishwa Nairobi Juni 1981.