“Wati” si sifa

Kwa mnunuzi wa amplifaya ya gitaa la besi ya bei nafuu huko Kisenyi, Kampala, “wati” limegeuka neno la sifa, kama “imara” au “orijino”. Asili yake ni kipimo, chenye jina la James Watt, na kipimo hukaguliwa: ikiwa amplifaya inaendeshwa na adapta ya volti 12 na ampea 2, adapta hiyo hutoa wati 24, basi wati 500 zilizoandikwa kwenye boksi zinatoka wapi? Muuzaji atasema ni nguvu ya kilele. Sawa, lakini kilele ni cha kufumba na kufumbua, ilhali uzi mnene wa besi, wenye mitetemo kama 41 kwa sekunde, hudai nguvu ya kudumu na spika pana. Tena wati zikiongezeka maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu. Kuhusu uimara (ambao kukosekana kwake ndiko humliza mnunuzi), neno “wati” halisemi lolote.