Chura wa Kihansi: uhai wake uko mikononi mwa wakulima wa juu ya mto

UMEME unaopokelewa katika kituo cha kupozea umeme cha Zuzu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, hutoka katika gridi ya Taifa. Miongoni mwa mitambo inayoilisha gridi hiyo ni ile ya Kihansi, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, yenye uwezo wa megawati 180. Wakazi wengi wa Dodoma hawajui kwamba umeme huo ulikaribia kumfuta duniani kiumbe ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine popote.

Kiumbe huyo ni chura wa Kihansi, mwenye rangi ya manjano na urefu usiofikia sentimita tatu. Tofauti na vyura wengi, hatagi mayai majini, bali huzaa watoto walio hai. Makazi yake yote yalikuwa ardhi oevu ya hekta chache tu ndani ya korongo la mto Kihansi, iliyoloweshwa mchana na usiku na rasharasha za maporomoko. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa umekwisha kuanza.

Mitambo ilipoanza kazi mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita korongoni yalielekezwa kwenye handaki la kuzalishia umeme. Rasharasha zikakoma, ardhi ikaanza kukauka na mimea ikabadilika. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani, ambako bustani za wanyama za Bronx na Toledo ndizo zilizofanikiwa kuwazalisha. Korongoni vikafungwa vinyunyizio vya kuiga rasharasha, na mto ukaachiwa kiasi kidogo cha maji.

Hatua hizo zilielekea kuzaa matunda. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufikia 20,000. Miezi michache baadaye walitoweka, na Januari 2004 walioonekana ni wachache wa kuhesabika. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilimtangaza chura huyo kuwa ametoweka katika makazi yake ya asili.

Mshukiwa mkuu ni ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura, ambao umeua aina nyingi duniani. Lakini wataalamu walitaja pia dawa za kuulia wadudu wa mazao, ambazo huenda zilijikusanya kwenye tope la bwawa na kuteremka korongoni tope hilo liliposafishwa.

Hapo ndipo wakulima wanapoingia. Mto Kihansi unaanzia nyanda za juu za Mufindi na Kilolo, ambako wananchi hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotumia unyevu wa ardhi wakati wa kiangazi. Mahindi mabichi, maharage na mboga za vinyungu ndivyo chakula na fedha za familia katika miezi ambayo mashamba ya mlimani hayana kitu. Mvua ikiwa haba, kinyungu ndicho akiba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ikitekelezwa kwa neno lake, vinyungu vingi vitakufa. Si rahisi kumwambia mama mwenye watoto aache bustani yake kwa ajili ya chura ambaye hajapata kumwona, na umeme uende mijini.

Mradi wa Usimamizi wa Mazingira wa Kihansi ya Chini, ulioanza mwaka 2001 kwa fedha za Benki ya Dunia, haukuishia korongoni, bali ulihusisha pia hifadhi ya bonde zima la mto. Kwa mtazamo wa gazeti hili, hiyo ndiyo njia yenye akili: kukubaliana na wakulima juu ya dawa wanazotumia na umbali wa kulima kutoka kwenye maji. Hasara ya kijito kukauka humfikia mwenye kinyungu kwanza, kabla ya chura na mitambo.

Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa nchini na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wapatao 2,000 waliachiwa korongoni, baada ya miaka 12 ya kuzaliana ughaibuni. Vinyunyizio bado vinahitajika, na anayeingia korongoni hutakiwa kusafisha viatu kwa dawa ili asipeleke kuvu.