Ruhusa ya Kuoa: Wanajeshi wa Gisenyi na Wake Zao

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Ziwa Kivu mwaka 1914, pembe hiyo ya mpaka wa Wajerumani na Kongo ya Wabelgiji ililindwa na kombania ya 11, iliyokuwa na makao yake Gisenyi, au Kisenyi, kama mji huo ulivyoandikwa wakati ule. Kombania ya namna hiyo ilikuwa na Wazungu wasiozidi 20 hivi, askari wa Kiafrika kama 160, na bombomu mbili. Hiyo ni hesabu ya ofisini. Ukiingia kambini jioni ungekuta watu mara mbili au tatu yake: wanawake wakisaga nafaka, watoto wakizunguka baina ya vibanda, vijana wa kuwapikia askari na kuwabebea mizigo. Kila nyumba moshi ulitoka kwenye jiko lake. Jeshi la Kijerumani katika Afrika Mashariki halikuwa na bwalo la chakula kwa askari wake. Lilikuwa na wake zao.

Mambo hayo yalianza na jeshi lenyewe. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann alikwenda Misri kutafuta watu wa kuzima vita vya Abushiri pwani, akaajiri Wasudani kama 600, na wengi wao walishuka melini na wake na watoto. Vyeo wakaja navyo pia: ombasha, shaushi, sol, efendi. Tangu mwanzo, basi, jeshi lilijengwa juu ya familia, na mkubwa wa kombania alijikuta si amiri wa vita peke yake. Siku ya shauri alikaa kusikiliza kesi za nyumbani: huyu kamchukulia mwenzake mke, yule mke kahamia kibanda cha ombasha, mwingine adai mahari yake yarudishwe. Mzungu aliyetoka Ujerumani kijana, hana hata mke, ndiye aliyeamua.

Ukitazama kesi hizo zilivyoamuliwa, utaona kwamba dhambi haikuwa hoja kubwa. Askari alikuwa huru kuwa na wake wawili. Hakuna aliyeuliza sana kama ndoa ilifungwa na shehe, na padri au na wazee. Lililoogopwa ni watu wawili wa kikosi kimoja, wenye bunduki, kugombania mwanamke mmoja, na jingine kubwa zaidi, kutoroka. Askari alipata rupia 20 kwa mwezi, malipo yaliyompita mpagazi na kibarua kwa mbali, lakini mshahara peke yake haumfungi mtu aliye mbali na kwao. Mwenye mke kambini, kuku wawili na mtoto mgonjwa hutafakari kabla ya kuruka ua usiku. Wakubwa walilijua hilo, ndiyo maana waliwaacha wanawake wafuate safari ambazo jeshi lolote la Ulaya lingewafukuza.

Kwa Wazungu wenyewe kanuni ilikuwa nyingine. Mwaka 1906 serikali ya koloni ilikataza ndoa kati ya Mzungu na Mwafrika. Mzungu kuishi na mwanamke wa Kiafrika bila ndoa hakukukatazwa, na wengi walikaa nao miaka. Askari mweusi aliruhusiwa mke ili atulie. Afisa mweupe alikatazwa ndoa, akaachiwa hawara.

Mwezi Mei 1916 Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliivunja ngome ya Kivu, na Kapteni Max Wintgens, aliyekuwa akiongoza ulinzi wa Ruanda, akaondoa watu wake kuelekea kusini. Wanawake wakaondoka nao, masufuria kichwani, watoto mgongoni. Mwanzoni mwa 1917 Wintgens alijitenga na kamanda mkuu wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akapindua njia na kurudi kaskazini na askari kama 500, familia zikiwa nyuma ya safu. Wanahistoria wamebishana kwa nini alifanya hivyo. Mimi naona jibu moja limo katika safu yenyewe: wengi wa askari wake walikuwa watu wa Unyamwezi na Usukuma, na uso wa safari ulielekea huko. Jeshi lililowafunga watu kwa nyumba zao lilianza kuvutwa na nyumba hizo. Wintgens aliugua homa kali, akajisalimisha kwa Wabelgiji mwezi Mei. Afisa wake, Heinrich Naumann, akaipokea safu na kuihangaisha nchi hadi Oktoba.

Kipindi cha Wabelgiji nakipita haraka, kwa sababu kwa suala hili hakina jipya. Walilinda Ruanda-Urundi kwa Force Publique, jeshi la Wakongomani waliokaa kambini na wake zao kama askari wa Mjerumani. Wanyarwanda wenyewe hawakupewa bunduki. Jeshi la Kinyarwanda lilizaliwa karibu na uhuru, baada ya Force Publique kuasi huko Kongo mwezi Julai 1960, likiwa na maafisa wa Kibelgiji na kijana mmoja aliyetoka wilaya za Gisenyi, Juvénal Habyarimana. Mwaka 1973 kijana huyo, sasa jenerali, alichukua nchi. Gisenyi na jirani yake Ruhengeri zikawa shina la maafisa.

Hapo ndipo kanuni ya ndoa ilipogeuka sura. Katika majeshi yaliyolelewa na Wabelgiji na Wafaransa ilikuwa kawaida mwanajeshi kuomba ruhusa kwa wakubwa kabla ya kuoa. Ruhusa hiyo, ikitumiwa kwa wema, humzuia kijana wa miaka 20 kuoa akiwa mlevi. Jeshi la Habyarimana liliitumia vingine: wanajeshi walikatazwa na kanuni kuoa wanawake wa Kitutsi. Kulitambua kabila la mchumba hakukuhitaji upelelezi. Tangu miaka ya 1930 Wabelgiji walikuwa wameandika kabila katika kitambulisho cha kila mtu mzima, na jamhuri mbili za Wahutu ziliuacha mstari ule ulivyokuwa. Posa ingeweza kupita kwa wazazi, kwa padri na kwa majirani, ikakwama kwenye kadi moja.

Kanuni hii ina jambo la kushangaza ambalo mara nyingi halisemwi. Rwanda ukoo hufuata baba. Mtoto wa baba Mhutu na mama Mtutsi aliandikwa Mhutu, bila mjadala. Kwa hiyo katazo halikuwa na sababu hata kwa hesabu ya ubaguzi wenyewe: damu waliyoiita yao isingepungua. Kilichoogopwa ni mke mwenyewe, na zaidi yake, shemeji. Ndoa ya Kinyarwanda huleta baba mkwe na mama mkwe, huleta mashemeji wanaokuja kunywa pombe siku ya kumtazama mtoto mchanga, na tangu machafuko ya 1959 wengi wa mashemeji hao walikuwa wakimbizi Uganda, Burundi na Zaire. Afisa mwenye shemeji Kampala ni afisa mwenye mlango wa pili. Jeshi liliufunga mlango huo kwa karatasi.

Desemba 1990, miezi miwili baada ya RPF, waasi waliotoka kwa wakimbizi hao, kuvuka mpaka kutoka Uganda, gazeti la Kangura lilichapa kile lilichokiita amri kumi za Wahutu. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa mtu wa Gisenyi, mzaliwa wa wilaya ya Rubavu. Amri ya kwanza ilimtangaza msaliti kila Mhutu mwenye mke, hawara au mfanyakazi wa Kitutsi. Ya saba ilidai jeshi liwe la Wahutu watupu na mwanajeshi asioe Mtutsi. Mtu atauliza: kama kanuni ilikuwapo kambini, gazeti liliirudia ya nini? Nadhani tofauti ndiyo hiyo hasa. Kanuni ya kambini ilikuwa siri baina ya mwanajeshi na mkubwa wake. Ikishachapwa na kuuzwa sokoni, kila jirani amepewa kazi ya kuchungulia nyumba ya mwenzake.

Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ililichukulia jambo hili kwa uzito. Ngeze alikamatwa Mombasa mwaka 1997. Katika hukumu ya Desemba 2003 majaji walisema kwamba picha ya mwanamke wa Kitutsi kama mtego, iliyochorwa na Kangura toleo baada ya toleo, ilifanya mashambulizi ya kingono dhidi yake yawe jambo la kutazamiwa. Alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 2007 rufaa ikakipunguza hadi miaka 35. Katika mauaji ya kimbari ya 1994 mwanamke ambaye mwanajeshi hakuruhusiwa kumwoa alikuwa mwanamke ambaye mwanajeshi angeweza kumbaka bila kuulizwa. Gisenyi iliyaona hayo tangu asubuhi ya tarehe 7 Aprili.

Jeshi lililokuja kuuchukua mji tarehe 18 Julai 1994 lilikuwa limefunzwa shule nyingine. RPF ilizaliwa ndani ya jeshi la Yoweri Museveni wa Uganda, NRA, lililokuwa na Wanyarwanda wengi tangu vita vya msituni Luwero. NRA lilikuwa na mwenendo wake ulioandikwa, ambao baada ya 1986 uliingizwa katika sheria za Uganda. Humo mpiganaji aliambiwa asijenge uhusiano usio halali na mwanamke yeyote, kwa hoja ya kikulima kabisa: hakuna wanawake waliokaa wakisubiri wanajeshi wanaopita, wanawake wengi ni wake au binti wa mtu fulani mahali fulani, na ukimgusa umeharibu urafiki na wananchi wanaokulisha. Mkate wa jeshi ulitoka kwa mwanakijiji, na kanuni iliulinda mkate.

Lakini mwandishi wa kanuni hiyo alimfikiria mwanamke aliye nje ya kambi. Na NRA, kisha RPA, jeshi la RPF, yalikuwa na wanawake ndani, wenye bunduki na vyeo. Rose Kabuye aliingia jeshini Uganda mwaka 1986, akavuka na RPA vitani, akafika cheo cha luteni kanali, na vita vilipokwisha akawa meya wa Kigali hadi 1998. Mumewe, David Kabuye, alikuwa afisa wa jeshi hilohilo. Watu wa namna hiyo hawakuwa na mkwe wa kuudhiwa wala kijiji cha kulalamika. Ugumu wao uko kwingine: mkuu akimpenda aliye chini yake, nani atapangwa doria ya usiku, na nani atabaki? Majeshi mengine yamelijibu hilo kwa njia tofauti. Uingereza ilipoandika upya kanuni za mwenendo wa wanajeshi wake mwaka 2000, ilichagua swali moja, kama mwenendo wa mtu umedhuru au waweza kudhuru uwezo wa kikosi kufanya kazi yake, bila kujali ni nani kampenda nani. Marekani mwaka mmoja nyuma ilikuwa imekaza uzi upande wa cheo: afisa na askari wa kawaida, marufuku.

Jeshi la zamani, lile la Habyarimana, liliondoka Gisenyi kama la Wajerumani lilivyoondoka, na wake na watoto. Watu mamia elfu walipita mpakani kuingia Goma kwa siku chache za Julai 1994, na wanajeshi wakapiga kambi Mugunga, ng'ambo ya mpaka, familia zao pembeni. Mwaka uliofuata baadhi yao walikuwa wamerudi na kuvaa sare ya RPA. Jenerali Marcel Gatsinzi, afisa wa jeshi lililoshindwa, alikuja kuwa waziri wa ulinzi tangu 2002 hadi 2010. Paul Rwarakabije, aliyeongoza waasi upande wa Kongo, alirudi Novemba 2003. Katika kambi moja sasa walilala watu waliokatazwa kuoa dada za wenzao, na hao dada wakawa wanajeshi pia. Mstari wa kabila uliondolewa katika vitambulisho vipya, na ofisa wa kambi akabaki bila chombo cha kumuulizia mchumba kabila lake.

Leo wanajeshi wa Rwanda, wanawake kwa wanaume, wanakwenda Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na huko wanakutana na waraka wa Katibu Mkuu wa Oktoba 2003. Unakataza kulala na aliye chini ya miaka 18, unakataza kununua ngono kwa fedha, kazi au chakula, na unawaonya vikali watu wa misheni wasijenge mahusiano ya kimapenzi na wenyeji wanaohudumiwa. Mwanajeshi akimpenda mwenzake wa kikosi chake, wote wazima na wote wameridhia, nidhamu yao ni kazi ya makamanda wa nchi yao.