Kutoka Darini hadi Kwenye Pete ya Vioo: Makumbusho ya Sanaa ya Aarhus

Aarhus, mji wa pili kwa ukubwa nchini Denmark, uko kwenye pwani ya mashariki ya rasi ya Jylland. Makumbusho yake ya sanaa, yanayojulikana leo kwa jina la ARoS, ndiyo makongwe zaidi nchini humo kati ya makumbusho ya sanaa ya umma yaliyo nje ya Copenhagen. Mgeni anayeona mchemraba wa matofali mekundu na pete ya vioo vya rangi juu ya paa lake anaweza kudhani kuwa taasisi hiyo ni ya juzi tu. Lakini ilifungua milango mwaka 1859, na jengo la sasa ni makao yake ya nne. Waliochagua makao hayo, kila mara, walikuwa na wazo lao kuhusu kazi ya sanaa katika mji, na mawazo hayo hayakufanana.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, mwenye kutaka kuona michoro mizuri Denmark alilazimika kwenda Copenhagen. Huko ndiko kulikokuwa na mkusanyiko wa mfalme, na huko ndiko kulikokuwa na Chuo cha Kifalme cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1754, ambako C. W. Eckersberg alikifunza kizazi kizima cha wachoraji ambao baadaye waliitwa watu wa Enzi ya Dhahabu. Mwaka 1825 wapenda sanaa wa mji mkuu waliunda chama chao, na mwaka 1847 Aarhus nayo ikapata cha kwake. Kama ilivyokuwa desturi ya vyama vya namna hiyo, wanachama walitoa ada, ada ikanunua michoro, na michoro ikagawiwa kwa bahati nasibu. Sanaa iliishia sebuleni kwa mwenye bahati. Kutoka hapo hadi wazo la kuacha baadhi ya michoro ibaki mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona, hatua haikuwa ndefu.

Aarhus ya wakati huo ilikuwa bandari ndogo ya wafanyabiashara, yenye watu wapatao 11,000. Reli ya kwanza ya Jylland, kutoka Aarhus hadi Randers, ilifunguliwa mwaka 1862, yaani miaka mitatu baada ya makumbusho. Mpangilio huo wa matukio unafaa kukumbukwa, kwa kuwa mara nyingi husemwa kuwa utamaduni hufuata utajiri. Aarhus ilikuwa na makumbusho kabla ya kuwa na treni.

Makao ya kwanza yalikuwa ya unyenyekevu. Karibu na kanisa kuu, mji ulikuwa umemaliza kujenga jumba jipya la baraza mwaka 1857, na makumbusho yakapewa darini. Huko juu michoro ilikaa pamoja na vitu vya kale vilivyokusanywa na wananchi. Jumba hilo bado lipo, na leo ni makao ya makumbusho yanayohusu historia ya wanawake na ya jinsia.

Mwaka 1877 mkusanyiko ulihamia katika jengo lililojengwa kwa ajili yake, kazi ya msanifu Carl Lange, kando ya mto, katika bustani iitwayo Mølleparken. Hapo sanaa na mambo ya kale viliendelea kuishi chini ya paa moja kwa miaka tisini. Katika ndoa hiyo upande wa mambo ya kale haukuwa dhaifu. Mwaka 1952 wachimbaji wa mboji karibu na kijiji cha Grauballe walikuta maiti ya mwanamume aliyekufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ngozi na nywele zikiwa zimehifadhiwa na maji ya kinamasi. Mwanaakiolojia P. V. Glob aliileta Aarhus, na baada ya kazi ya kuihifadhi iliwekwa hadharani mwaka 1955. Mchoro wa mandhari ya Jylland, hata uwe mzuri kiasi gani, ungepata shida kushindana na uso huo. Mwishowe pande hizo mbili zilitengana: sanaa ilihama kwanza, na mwaka 1970 mambo ya kale yakapelekwa Moesgård, kusini mwa mji, ambako Mtu wa Grauballe yuko hadi sasa.

Makao ya tatu, yaliyofunguliwa mwaka 1967 katika bustani ya Vennelyst, yalisanifiwa na ofisi ya C. F. Møller. Jina hilo halikuhitaji kutambulishwa kwa watu wa Aarhus, kwani tangu miaka ya 1930 Møller alikuwa akijenga chuo kikuu cha mji huo, majengo ya matofali ya manjano yaliyotawanyika kwenye nyasi. Fikra ya wakati ule Denmark ilikuwa kwamba sanaa hutazamwa vizuri penye utulivu, karibu na miti. Makumbusho ya Louisiana, yaliyoanzishwa na Knud W. Jensen huko Humlebæk mwaka 1958, yalikuwa yameionyesha nchi nzima jinsi jambo hilo linavyoweza kufanywa. Aarhus ilipata jengo la adabu, lenye mwanga mzuri, linalofaa kabisa kwa michoro ya kutundikwa ukutani.

Bahati mbaya ni kwamba sanaa yenyewe ilikuwa inashuka kutoka ukutani. Mwanzoni mwa mwaka 1970 msanii Bjørn Nørgaard, akishirikiana na Lene Adler Petersen, alimchinja farasi katika shamba lenye theluji kwenye kisiwa cha Sjælland, akamkata vipande na kuvitia katika mitungi ya kioo, huku waandishi wa habari wakitazama. Ilikuwa njia yake ya kupinga vita vya Vietnam, na nchi ilichafukwa: wengi walimlilia farasi kwa sauti kubwa kuliko walivyowahi kuwalilia watu waliokuwa wakiuawa Asia, jambo ambalo bila shaka ndilo msanii alilotaka lionekane. Mitungi hiyo sasa imo katika mkusanyiko wa Aarhus. Baada yake zikaja video, kazi za mwanga na sauti, na kazi zinazohitaji chumba kizima, giza totoro au dari ya mita nyingi. Jengo la 1967 halikuwa na vitu hivyo.

Jens Erik Sørensen, aliyeshika ukurugenzi mwaka 1984, aliutumia muda wake mwingi kudai jengo jipya. Shindano la usanifu lilimalizika mwaka 1997, na ushindi ukaenda kwa schmidt hammer lassen, ofisi iliyoanzishwa papo hapo Aarhus mwaka 1986, ambayo wakati huo ilikuwa pia na kazi ya kupanua Maktaba ya Kifalme mjini Copenhagen. Malkia Margrethe wa Pili alilizindua jengo tarehe 7 Aprili 2004. Jina nalo lilibadilika: Aros ni jina la kale la mji, na herufi zake zinalificha neno la Kilatini la sanaa.

Safari hii bustani iliachwa. Kiwanja kiko katikati ya mji, karibu na jumba la muziki, hatua chache kutoka Mølleparken ya zamani. Kwa nje jengo ni zito na halina madaha, mraba wenye upande wa mita 52 hivi. Limechanwa katikati na njia iliyopinda, yenye vioo pande zote mbili, ambayo mpita njia anaweza kuitumia kukatiza kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine bila kununua tiketi. Mlango hauko chini: mgeni hupanda mteremko mrefu na kuingia katika sakafu inayohesabiwa kuwa ya nne kati ya kumi. Ndani, kila kitu ni cheupe na kimepinda, na ngazi ya mzunguko hupanda kupitia sakafu zote.

Kutoka hapo mgeni huamua ashuke au apande, na uamuzi huo ulipangiwa maana. Wasanifu walimfuata mshairi Dante, aliyesafiri kutoka Jehanamu yenye mizunguko tisa hadi Peponi. Chini kabisa, kuta ni nyeusi, na vyumba vinaitwa Vyumba Tisa. Humo zimewekwa kazi za wasanii kama James Turrell, Bill Viola, Shirin Neshat na Pipilotti Rist, kila moja katika giza lake. Hakuna mahali pengine katika jengo hilo panapoeleza vizuri zaidi kwa nini makao ya awali hayakutosha.

Ghorofa moja juu yake amechuchumaa kijana wa urefu wa karibu mita 5 na uzito wa kilo 500, mikono juu ya kichwa kana kwamba anajikinga. Ni sanamu ya Ron Mueck, Mwaustralia anayefanya kazi Uingereza, iitwayo “Boy”. Ilitengenezwa mwaka 1999, ikaonyeshwa London mwaka 2000 ndani ya Millennium Dome, kisha Venice mwaka 2001, ndipo ikanunuliwa na Aarhus. Ngozi, mishipa na kucha zimetengenezwa kwa uangalifu kiasi kwamba watu wazima husogea karibu kukagua visigino. Macho yake huepuka kukutana na ya mtazamaji, na hilo humwondolea ujitu. Ni mtoto mwenye hofu ambaye kwa bahati mbaya ni mkubwa.

Paa ndilo lililochelewa. Pepo ya Dante ilibaki bila jengo hadi 28 Mei 2011, ilipofunguliwa kazi ya Olafur Eliasson, msanii mwenye asili ya Iceland aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1967. “Your rainbow panorama” ni njia ya mviringo yenye urefu wa mita 150 na upana wa mita 3, imesimama juu ya nguzo nyembamba mita kadhaa juu ya paa, na kuta zake ni vioo vya rangi zote za upinde wa mvua. Gharama, kroni milioni 60, zilibebwa na Realdania, mfuko uliotokana na mauzo ya biashara ya mikopo ya nyumba. Anayetembea ndani huuona mji mwekundu, kisha wa manjano, wa kijani, wa buluu, na akikaa katika rangi moja kwa muda macho huizoea na kuanza kuitafuta inayofuata. Aliye chini barabarani huona vivuli vya watu vikipita ndani ya rangi, na anaweza kujua upande wa dunia kwa rangi iliyo mbele yake. Kwa hiyo kinachoonyeshwa juu ya paa la makumbusho ni mji wenyewe pamoja na watu wanaoutazama.

Mafanikio hayo yana bei yake. Wako wanaopanda lifti moja kwa moja hadi kwenye pete, wakapiga picha na kushuka, wakipita ghorofa zenye michoro ya Enzi ya Dhahabu, ya wanausasa wa Denmark na ya mchoraji Per Kirkeby bila kusimama. Lakini lawama hiyo isitiwe chumvi. Hata darini huenda walikuwako waliopanda kwa ajili ya vitu vya kale tu.

Taasisi pia imetoka nje ya kuta zake. Kati ya 2009 na 2015, kila baada ya miaka miwili, sanamu ziliwekwa ufukweni kusini mwa mji kwa kufuata mfano wa maonyesho kama hayo ya Sydney. Mwaka 2017, Aarhus ilipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, makumbusho yaliandaa maonyesho makubwa juu ya bustani na uhusiano wa binadamu na maumbile. Katika maonyesho hayo msanii Katharina Grosse alinyunyizia rangi nyasi na miti, na wengi walikasirika kuona mti hai umepakwa rangi kwa jina la sanaa.

Upanuzi uliotangazwa mwaka 2015 ulielekea chini ya ardhi: kumbi mpya, na kuba la James Turrell lenye kipenyo cha mita 40, ambamo mtazamaji huangalia mbingu kupitia tundu lililo juu. Kazi hiyo ilichelewa kwa miaka kupita tarehe zilizotajwa mwanzoni.