Mrejesho: Gitaa Linapojisikia Lenyewe

Siku hizi neno mrejesho lina makazi ofisini. Semina ikiisha tunagawiwa fomu za mrejesho, mwalimu anawapa wanafunzi mrejesho wa insha zao, mteja anaombwa mrejesho baada ya kuhudumiwa. Matumizi hayo ni halali, lakini dhana yenyewe, kwa jina lake la Kiingereza feedback, haikuzaliwa ofisini. Ilizaliwa kwenye saketi za umeme mwanzoni mwa karne ya 20, ikaingia katika elimu ya udhibiti wa mitambo, ambako Norbert Wiener aliieneza kwa kitabu chake Cybernetics cha mwaka 1948, na baadaye ndipo ikafika kwenye mikutano na fomu. Sisi tumeipokea kwenye kituo chake cha mwisho. Mimi ni mpenzi wa roki, hasa ya Neil Young na bendi yake Crazy Horse, na kwa mpenzi wa muziki huo mrejesho si maoni ya mtu. Ni sauti inayopigwa kwa ustadi kama noti nyingine yoyote, na inastahili jina hilohilo.

Kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara, harusi au ibada anaijua sauti hiyo kwa sura yake mbaya. Mshereheshaji anachukua maiki, anapita mbele ya spika, na ghafla ukumbi unajaa mluzi mkali. Watu wanaziba masikio, fundi anakimbilia mikisa. Mafundi husema maiki inapiga mluzi, na wengine husema fidibaki tu.

Kueleza kinachotokea hapo kwa Kiswahili kuna kikwazo kimoja, nacho ni neno kipaza sauti. Tunalitumia kwa maikrofoni, tunalitumia kwa spika, na wapo wanaolitumia hata kwa ile tarumbeta ya plastiki ya mikutanoni. Ukisema sauti imetoka kwenye kipaza sauti ikaingia kwenye kipaza sauti, umesema kweli wala hujaeleza kitu. Kwa hiyo katika mada hii sina budi kuliweka kando neno hilo zuri na kushika matatu ya mitaani ambayo hayachanganyi: maiki inayopokea, amplifaya inayokuza, spika inayotoa.

Sasa mambo yanakaa sawa. Maiki inageuza sauti kuwa umeme, amplifaya inaukuza umeme huo, spika inaugeuza kuwa sauti tena. Sehemu ya sauti ya spika ikiifikia maiki, safari inaanza upya. Ili mluzi uzaliwe, masharti mawili yatimie pamoja. Kwanza, sauti inapomaliza mzunguko isiwe imepungua nguvu kuliko ilivyoanza. Pili, irudi kwa wakati wake, kilele cha wimbi kikiangukia juu ya kilele. Anayemsukuma mtoto kwenye bembea analijua sharti la pili kwa mikono yake: msukumo mdogo ukija wakati bembea inaanza kwenda mbele, inapaa zaidi kila mara, na ukija wakati inarudi, unaizima. Katika uhandisi masharti haya hutajwa kwa jina la Mjerumani Heinrich Barkhausen, na Wafaransa wao huuita mluzi wenyewe larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Absalon Larsen.

Sharti la pili ndilo linaloamua mluzi utakuwa wa noti gani. Sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde. Maiki ikiwa mita 3.4 mbele ya spika, sauti huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde kuifikia. Mawimbi yenye mitetemo 100 kwa sekunde, au 200, au 300 na kuendelea, yanakuwa yamekamilisha mizunguko mizima katika muda huo, hivyo yanawasili yakiwa sambamba na yale yaliyoko. Katika kundi hilo hushinda lile ambalo spika na ukumbi vinalipenda zaidi. Sogea hatua moja na orodha yote inabadilika, ndiyo maana mluzi hupanda na kushuka mtu anapotembea na maiki mkononi. Nao haukui bila kikomo, kwa sababu amplifaya ina mwisho wa nguvu zake.

Gitaa la umeme lina hadithi tofauti kidogo, na utamu wote uko katika hicho kidogo. Gitaa hilo halina maiki. Chini ya nyuzi kuna koili, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara elfu kadhaa, na uzi wa chuma unapotetema juu yake, umeme unazaliwa kwenye waya. Koili haisikii hewa, inasikia uzi. Basi sauti ikitoka kwenye spika kwa nguvu ya kutosha inausukuma ubao wa gitaa na nyuzi zenyewe, uzi uliokuwa unakaribia kunyamaza unaanza kutetema tena, koili inauchukua mtetemo huo, amplifaya inaukuza, spika inaurudisha kwenye uzi. Kwenye maiki ya harusini, umbali na ukumbi ndivyo vinavyochagua noti. Kwenye gitaa uzi nao una kauli, na kauli ya uzi iko chini ya kidole cha mpigaji. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha binadamu kuufanya mluzi kuwa muziki.

Niliwaona Crazy Horse katika ukumbi wa O2, London, Juni 2013. Jukwaani yalisimama maamplifaya marefu kuliko mtu mara kadhaa, mapambo yanayotokana na ziara ya Rust Never Sleeps ya mwaka 1978. Miongoni mwa majitu hayo vilikuwamo vyombo vyenyewe, na moyo wa sauti ya Young ni kijisanduku cha Fender Deluxe cha mwaka 1959, chenye wati zipatazo 15 na spika moja ya inchi 12. Ukumbi huo huchukua watu wapatao 20,000. Sauti inayowafikia ni ya mitambo mikubwa ya ukumbi, lakini mazungumzo kati ya gitaa na spika hufanyika pale nyuma yake, katika umbali ambao mtu angeupima kwa mikono. Udogo wa kijisanduku hicho una sababu. Amplifaya ndogo hufika ukomo wake mapema, na ikiwa ukomoni kila mtetemo hafifu wa uzi unatoka ukiwa umekuzwa mno. Mzunguko unafunga kwa urahisi.

Gitaa lake, analoliita Old Black, ni Gibson Les Paul la mwaka 1953 lililopakwa rangi nyeusi. Koili ya nyuma ilitoka kwenye Gibson Firebird, na ni ya aina inayojulikana kwa kudaka hata mitetemo ya ubao. Fundi mwingine angeihesabu hiyo kuwa ila akaibadilisha. Young ameishi nayo tangu miaka ya 1970.

Nilichokwenda kukitazama ni mwili wake. Alikuwa na miaka 67 usiku ule. Watatu wa mbele, yeye, Frank Sampedro na Billy Talbot, walikusanyika katikati ya jukwaa kubwa hadi mabega yakakaribiana, na Ralph Molina nyuma yao kwenye ngoma. Young alipiga noti moja, akaiacha, akawageuzia mgongo watu wote na kulielekeza gitaa kwenye amplifaya. Noti ilianza kufifia kama inavyofifia noti yoyote. Kisha, pale ambapo ilipaswa kufa, ikasimama. Ikavimba taratibu, na ndani yake ikachomoza nyingine ya juu zaidi, dada yake wa oktava, mpaka ile ya mwanzo ikamezwa na kubaki hii mpya, nyembamba na iliyonyooka, bila kidole kugusa uzi. Mkono wake wa kulia ulishika ule wenzo wa chuma unaolegeza nyuzi, akautikisa kidogo, na ile sauti ikayumba pamoja nao. Akageuza kiwiliwili kiasi kidogo sana, noti ikaruka kwenda nyingine. Akarudi alipokuwa, nayo ikarudi.

Kwenye santuri sikuwahi kuyaona hayo. Nyumbani nilisikia tu kwamba gitaa linalia kwa muda mrefu. Pale ukumbini niliona kwamba mahali anaposimama mpigaji ni sehemu ya ala, kwamba nyayo zake zinachagua noti sawasawa na vidole. Ndiyo maana naamini mrejesho wa gitaa ni jambo la jukwaani kwanza: unahitaji hewa, umbali na sauti kubwa ya kweli. Mwisho wa wimbo “Walk Like a Giant” waliachana kabisa na mdundo, wakabaki na vishindo na ngurumo kwa dakika kadhaa, kila kishindo kikivimba na kusukuma kifua kabla ya kingine kuanguka. Waliokuja kusikiliza nyimbo laini za Harvest, albamu ya Young, huenda waliziona dakika hizo ndefu. Kwangu zilikuwa ndizo zilizobeba usiku wote.

Mrejesho wa gitaa haukuanza na Young. The Beatles waliurekodi wimbo “I Feel Fine” mwaka 1964 ukianza na noti ya besi inayoliamsha gitaa la John Lennon hadi likanguruma, miongoni mwa mirejesho ya mwanzo kuwekwa kwenye santuri kwa makusudi. Jimi Hendrix aliifanya lugha kamili: Monterey mwaka 1967, kisha Woodstock asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, alipoupiga wimbo wa taifa wa Marekani na kuuvunja kwa milio hiyo wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Young naye, mwaka 1991, alitoa Arc, santuri ya takriban dakika 35 iliyoundwa kwa vipande vya mirejesho na miisho ya nyimbo kutoka kwenye ziara ya mwaka huo. Wazo hilo lilitoka kwa Thurston Moore wa Sonic Youth, waliokuwa wakiwafungulia jukwaa. Kazi ya kuichanganya sauti ya ziara ile ilimwachia Young uvumi masikioni, na albamu yake iliyofuata, Harvest Moon ya mwaka 1992, ni ya upole mtupu.

Turudi kwenye jina. Mwangwi haufai, ingawa umependekezwa na wengi katika mazungumzo. Mwangwi hugonga ukuta na kurudi ukiwa dhaifu, kila mara dhaifu zaidi, na hapa kila mzunguko unaongeza. Mwitikio unavutia zaidi, maana sisi ni watu wa kuimba kwa kupokezana, na ni rahisi kusema spika inaliitikia gitaa. Lakini mwitikio unahitaji wawili, mmoja aimbe na mwingine apokee, na hapa hakuna wa pili. Gitaa linaisikia sauti yake lenyewe. Mluzi, na kwa watu wa pwani mbinja, ni jina la kile sikio linachokipata, tena la upande mmoja tu, ule wa juu na mkali, ilhali ngurumo nzito za Crazy Horse hazina mluzi ndani yake.

Mrejesho unatokana na rejesha, kufanya kitu kirejee kilikotoka. Neno halisemi kama kimerudi kikiwa kidogo au kikubwa, kizuri au kibaya, ila kwamba kimerudishwa mwanzo wa njia yake. Hilo ndilo linalotokea kati ya spika na uzi. Faida nyingine ni kwamba linabeba istilahi ndugu bila taabu. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa Bell Labs, akiwa kwenye kivuko akienda kazini New York, alichora kwenye ukurasa wa gazeti njia ya kurudisha sehemu ya sauti ya amplifaya kinyumenyume ili ijisahihishe. Huo ni mrejesho hasi, na simu za masafa marefu zilinufaika nao sana. Unaojiongeza ni mrejesho chanya. Hapa msomaji wa ofisini awe macho, kwa kuwa kwake mrejesho chanya ni sifa. Kwa mhandisi, mluzi unaokatiza hotuba ya bwana harusi ni mrejesho chanya halisi. Chanya inataja upande wa msukumo tu.

Kwa hiyo pendekezo langu linagawa kazi. Hitilafu ya maiki tuiachie mluzi, maana mafundi wanalo neno tayari na linaeleweka ukumbi mzima. Utaratibu wenyewe, na sauti anayoitafuta mpiga gitaa kwa makusudi, tuiite mrejesho, wingi wake mirejesho, na pale inapobidi kutofautisha tuseme mrejesho wa maiki na mrejesho wa nyuzi.

Linabaki suala la kitenzi, ambalo waandishi wa muziki hawawezi kulikwepa. Kupiga mrejesho hakunitoshelezi, kwa sababu mkono haupigi kitu wakati huo. Mpigaji anasimama mahali fulani na kuusubiri uje. Napendelea kuita, kushika na kuachia, vitenzi vinavyoonyesha kwamba kuna kitu kinachokuja kwa nguvu zake na mtu anayekiongoza. Basi fundi aendelee kumwambia msaidizi wake: punguza maiki ya pili, inapiga mluzi. Na anayeandika kuhusu onyesho aandike: aliuita mrejesho kwenye uzi wa tano, akaushika mpaka ukapanda oktava, akauachia ngoma zilipoingia.